Herufi Huandikiwa Nani?

Walimu wenzangu, wazazi, na hasa ninyi vijana mnaojiandaa kwenda kusoma Marekani:

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani anapojiandikisha kozi, mara nyingi hukutana na chaguo ambalo hakuwahi kupewa tangu darasa la kwanza. Anaulizwa kama anataka kozi hiyo ihesabiwe kwa herufi, yaani A, B, C na kuendelea, au kwa kufaulu na kutofaulu tu. Akichagua njia ya pili, atakaa darasa lilelile, atasoma vitabu vilevile, ataandika insha na kufanya mtihani kama wenzake. Mwisho wa muhula hati yake ya matokeo itaonyesha kwamba amefaulu, basi. Haitasema amefaulu kwa kiasi gani. Wastani wake, ile GPA ambayo wengi wenu mtalala nayo na kuamka nayo kwa miaka minne, hautapanda wala kushuka kwa sababu ya kozi hiyo.

Vijana wetu wakilikuta chaguo hili hugawanyika. Wapo wanaolikimbia, kwa kuwa tangu shule ya msingi wamezoeshwa kuamini kwamba kisicho na alama hakina thamani. Wapo wanaolikimbilia kwa sababu wanaliona ni nafuu. Wote hao wanaichukulia herufi kama jambo lililo kati yao na mwalimu. Mimi naamini sivyo, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Mwalimu aliyesoma insha zako muhula mzima anajua umefika wapi. Hahitaji B+ ili akumbuke. Wewe nawe, ukiwa mkweli wa nafsi yako, unajua. Herufi huandikiwa mtu wa tatu, ambaye hakuwepo darasani na hana muda wa kuuliza.

Tuanze na Yale, mwaka 1785. Rais wa chuo hicho, Ezra Stiles, aliwatahini wanafunzi 58, kisha akaandika katika shajara yake jinsi alivyowapanga kwa maneno ya Kilatini: 20 aliwaita Optimi, yaani walio bora, 16 Optimi wa daraja la pili, 12 Inferiores, walio chini, na 10 Pejores, walio duni zaidi. Inasemekana mara kwa mara kwamba hapo ndipo Marekani ilipoanza kutoa alama vyuoni. Lakini Stiles aliyaandika hayo katika kitabu chake mwenyewe, kama mwalimu yeyote anavyoweza kujiwekea kumbukumbu. Hapakuwa na mwajiri aliyesubiri nakala.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1897, chuo cha wanawake cha Mount Holyoke huko Massachusetts kilianza kutumia herufi zilizofungamanishwa na asilimia. A ilikuwa kuanzia 95, B kuanzia 85, C kuanzia 76. D ilikuwa ya yule aliyepata 75 kamili, na chini ya hapo ni E, umeanguka. Nawaomba mlitazame hilo la D. Kuna herufi nzima iliyotengwa kwa ajili ya alama moja tu, kana kwamba mwalimu anaweza kweli kutofautisha insha ya 75 na ya 76. Mfumo wa namna hiyo ulienea kwa sababu vyuo vilikuwa vinakua, wanafunzi wanahama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na ofisi zinahitaji kitu kifupi cha kupelekeana. Mtu wa tatu alikuwa ameshafika mlangoni.

Je, kitu hicho kifupi kiliaminika? Mwaka 1912 watafiti wawili wa Wisconsin, Daniel Starch na Edward Elliott, waliwapelekea walimu wengi wa shule za sekondari karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza wazisahihishe. Karatasi moja, isiyobadilika hata nukta, ilipata 50 kwa mwalimu mmoja na zaidi ya 90 kwa mwingine. Watu wakasema Kiingereza ni somo la maoni, hesabu haiwezi kuwa hivyo. Mwaka uliofuata wakarudia kwa karatasi ya jiometria, na tofauti ikawa kubwa zaidi. Walimu hao hawakuwa wazembe. Mmoja alikata alama kwa mchoro mchafu, mwingine hakujali mchoro. Mmoja alithamini hatua, mwingine jibu. Kila mmoja alikuwa na hukumu yenye maana, lakini maana hiyo ilipotea pale hukumu ilipogeuzwa kuwa tarakimu na kutumwa kwa mtu asiyejua imetokana na nini.

Kwa nusu karne ushahidi huo ulikaa vitabuni. Kilichowatikisa Wamarekani ni vita.

Mwaka 1966, Vita vya Vietnam vikiendelea kumeza vijana, mamlaka ya kuandikisha askari iliweka vigezo vya kuamua mwanafunzi gani aachwe aendelee kusoma na nani achukuliwe. Kimojawapo kilikuwa nafasi ya mwanafunzi darasani. Kwa kigezo hicho, mvulana aliyemaliza mwaka wa kwanza alitakiwa awe katika nusu ya juu ya wavulana wa darasa lake. Wa mwaka wa pili katika theluthi mbili za juu. Wa mwaka wa tatu katika robo tatu za juu. Aliyeshindwa angeweza kujiokoa kwa mtihani maalumu wa kitaifa. Fikirini hali ya profesa wa falsafa aliyekaa na rundo la insha mwezi Mei mwaka huo. Anapoandika C, anamwandikia karani wa jeshi. Na kwa kuwa wanafunzi hupangwa kwa kulinganishwa, A anayompa mmoja inamsukuma mwingine chini ya mstari.

Mwezi huohuo wa Mei wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walilikalia jengo la utawala wakitaka chuo kisipeleke orodha za nafasi kwa waandikishaji. Kwingineko wapo walimu waliokataa kutoa alama, na wapo waliowapa wanafunzi wao wote A. Nimekuwa nikikifikiria sana kipindi hiki, kwa sababu kinaonyesha waziwazi jambo ambalo siku za kawaida hujificha. Mtu wa tatu kwa kawaida ni mwajiri, au ofisi ya udahili, au mfadhili, na maamuzi yake hayaui mtu. Kwa hiyo tunasahau kwamba yupo. Mwaka 1966 alivaa sare, na kila aliyeshika kalamu nyekundu alimwona.

Ndani ya miaka michache vyuo kadhaa vikabadilika. MIT ilianza mwaka 1968, kwa majaribio, kuwasomesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza bila herufi. Anayefaulu huandikiwa kufaulu. Anayeshindwa haandikiwi kitu katika hati inayotoka nje ya chuo. Sababu yao ilikuwa ya kiutu na ya busara. Karibu kila anayeingia pale alikuwa kinara wa shule yake, lakini mmoja ametoka shule yenye maabara tatu za fizikia na mwingine shule yenye kitabu kimoja cha fizikia. Muhula wa kwanza ungempima mtu alikotoka, si anakokwenda. Utaratibu huo bado upo kwa muhula wa kwanza. Kwa muhula wa pili, tangu mwaka wa masomo 2002/2003, herufi A, B na C huandikwa, ila kuanguka hakuachi kumbukumbu. Caltech nayo huwapa wanafunzi wapya mihula miwili ya namna hiyo. Swarthmore hutoa mmoja.

Johns Hopkins ilifunika alama za muhula wa kwanza tangu mwaka 1971, kisha ikaacha kwa walioingia mwaka 2017, ingawa wanafunzi walipinga kwa nguvu. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba baadhi yao hawajengi tabia ya kusoma mapema, na muhula wa pili huwakuta hawana msingi. Siipuuzi hoja hiyo. Mwanafunzi anayejua kwamba 60 na 95 zitaandikwa sawa hupata kishawishi, na si kila mtu wa miaka 18 anakishinda.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Brown, huko Rhode Island. Pale mageuzi hayakuanzia kwa wakuu. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakiongozwa na Ira Magaziner na Elliot Maxwell, walikaa wakachunguza jinsi wanavyofundishwa, wakaandika ripoti ya zaidi ya kurasa 400, kisha wakaizungusha kwa walimu na kuitetea mlango kwa mlango. Mei 1969 walimu waliipitisha sehemu kubwa. Tangu hapo mwanafunzi wa Brown anaweza kuchukua karibu kozi yoyote kwa herufi au kwa kuridhisha tu. Hakuna D. Anayeshindwa hapati krediti, na kushindwa kwake hakuonekani katika hati ya nje. Chuo chenyewe hakimkokotolei mtu GPA.

Kuna kipengele kimoja cha mageuzi hayo ambacho wengi wanaoisifu Brown hukiruka, nami naona ndicho moyo wa jambo zima. Mwanafunzi anaweza kumwomba mwalimu amwandikie taarifa ya maneno kuhusu alivyofanya kazi katika kozi: alisoma nini, aliandika nini, alikua wapi, alikwama wapi. Vijana wale wa 1969 hawakusema tusihukumiwe. Walisema tuhukumiwe kwa sentensi.

Chuo Kikuu cha California tawi la Santa Cruz kilikwenda mbali zaidi. Kilifunguliwa mwaka 1965 katikati ya msitu wa miti mirefu ya redwood, kikiwa na wanafunzi 652, wengi wao wakiishi kwenye matrela kwa sababu mabweni hayajaisha. Kila mwalimu alitakiwa kumwandikia kila mwanafunzi aya moja au zaidi mwisho wa kozi, na herufi hazikuwa utaratibu wa kawaida. Evergreen, chuo cha umma kilichofunguliwa Olympia, jimbo la Washington, mwaka 1971, kinafanya hivyo hadi leo, na mwanafunzi naye huandika tathmini yake mwenyewe kando ya ile ya mwalimu.

Santa Cruz ilidumu na desturi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Halafu mwaka 2000 walimu wenyewe walipiga kura, wakaamua herufi ziwe lazima kwa wanafunzi watakaoingia kuanzia 2001. Wanafunzi waliandamana. Wengi nje ya chuo walisema ndoto ya miaka ya sitini imekufa. Mimi natazama hesabu. Darasa la watu 15 linataka aya 15, na mwalimu aliyesoma kazi zao anaweza kuziandika kwa siku mbili akiwa na raha. Kufikia mwaka 2000 chuo kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 10,000, na katika kozi za awali mhadhiri angeweza kukabili mamia kwa mara moja. Hapo tathmini hugeuka kuwa sentensi za kunakili: amehudhuria vizuri, mtihani wake wa mwisho ulikuwa mzuri sana. Sentensi ya kunakili ni herufi iliyorefushwa. Haimwambii mtu wa tatu kitu kipya, na inamchelewesha. Si ajabu kwamba shule za udaktari na sheria zilikuwa zikipendelea alama.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema kozi isiyo na herufi humpunguzia mwalimu kazi, najua hajawahi kuifundisha ipasavyo. Kuandika B ni kazi ya sekunde moja. Kumwandikia mtu kwamba hoja zake ni kali lakini hasikilizi ushahidi unaompinga, na kutaja ukurasa ambapo hilo lilitokea, kunamtaka mwalimu awe amesoma.

Kuna utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, uliofanywa Israeli kwa wanafunzi wa shule ya msingi, ambao kila mwalimu angepaswa kuujua. Watoto waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilirudishiwa kazi likiwa na maoni ya maandishi tu, jingine alama tu, jingine maoni pamoja na alama. Waliopata maoni peke yake waliendelea kuipenda kazi na wakafanya vizuri zaidi. Waliopata maoni pamoja na alama walifanana na waliopata alama tupu. Alama iliyafunika maneno. Mtoto aliiangalia tarakimu, akajua yuko juu au chini ya mwenzake, akafunga daftari. Wale ni watoto, na chuo kikuu ni jambo jingine. Lakini yeyote aliyewahi kurudisha insha chuoni amewaona wanafunzi wakifunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

Chuo cha Reed, huko Oregon, kimepata njia yake ya katikati. Herufi zipo ofisini, lakini kazi hurudi na maoni, na mwanafunzi anayefanya vizuri haletewi herufi zake kama jambo la kawaida, akizitaka ataziomba. Naipenda njia hiyo kuliko zote. Inakiri kwamba mtu wa tatu yupo, ila inamweka chumba cha pili.

Nimefundisha Kiswahili kwa Wamarekani, na kozi ya lugha ngeni ndiyo mahali pazuri pa kuona faida na hasara ya jambo hili. Mwanafunzi wa uchumi anayejifunza Kiswahili kwa herufi huja ameandika sentensi zake nyumbani, na darasani hasemi neno ambalo hana hakika nalo. Ngeli zinamtisha kwa sababu kila upatanisho uliokosewa ni alama iliyopotea. Mwenzake aliyechagua kufaulu tu huzungumza. Anasema kiti yangu, anasahihishwa, anasema kiti changu, anaendelea mbele. Mwisho wa muhula anaweza kusimulia safari nzima. Hayo nimeyaona. Nimeona pia wale ambao, wakishapiga hesabu kwamba tayari wamevuka mstari, hawaonekani tena wiki za mwisho. Chaguo ni lilelile. Tofauti ni kama kuna mtu au kitu kinachomwita darasani kisichokuwa alama.

Niingie sasa kwenye tiba, kwa sababu hapo ndipo watu huniuliza kwa wasiwasi: hivi mnataka tutibiwe na daktari asiye na alama? Shule nyingi za udaktari za Marekani hufundisha miaka ya mwanzo, kabla ya wodini, kwa kufaulu na kutofaulu. Na tarehe 26 Januari 2022, Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari wa nchi nzima, uliacha kutoa tarakimu. Sasa unasema umefaulu au hujafaulu. Tarakimu ile haikukusudiwa kuchuja watu. Ilikusudiwa kuonyesha kama mtu ana maarifa ya kutosha kuendelea. Lakini hospitali zinazopokea madaktari wapya kwa mafunzo ya ubingwa ziligundua kwamba ni rahisi kupanga maelfu ya maombi kwa namba, na wanafunzi wakaanza kuyaacha madarasa ili wajiandae kwa mtihani mmoja. Ilipoondolewa, mtu wa tatu hakwenda nyumbani. Alihamia mtihani unaofuata, Step 2, ambao bado una tarakimu.

Wala huo si ugeni kwetu kama mnavyodhani. Kwa desturi ya vyuo vya Afrika Mashariki, shahada ya kwanza ya udaktari haitolewi kwa madaraja ya heshima kama ya sanaa au biashara, ingawa kozi zake zina alama. Mhitimu ni daktari au si daktari. Na mgonjwa anayelazwa Muhimbili haulizi GPA ya aliyeshika kisu.

Shule ya sheria ya Yale haina herufi za kawaida tangu miaka ya 1960, na muhula wa kwanza wote ni wa kufaulu au kutofaulu. Wahitimu wake wanagombewa. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kijana wa Kitanzania au Kikongo anapoweza kuumia. Mwajiri anayesoma hati ya Yale isiyo na alama hakosi alama. Jina la chuo ndilo alama yake. Herufi ikiondoka, kinachobaki kusomwa ni mlango uliopitia. Kwa chuo maarufu hilo ni fahari. Kwa mwanafunzi wa chuo kidogo ambacho mwajiri hajawahi kukisikia, A zake zilikuwa ndiyo sauti yake pekee, na ukizifuta bila kumpa maneno mahali pake umemnyamazisha. Watetezi wa kozi zisizo na alama, nami nikiwa mmojawapo, mara nyingi huzungumza tukiwa ndani ya vyuo vyenye majina. Haki inatutaka tulikumbuke hilo.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo mwezi Machi, wanafunzi walirudi makwao na masomo yakahamia kwenye skrini. Mmoja alikuwa na chumba chake na intaneti ya kasi. Mwingine alikuwa Dar es Salaam au Nairobi, ambako kipindi cha saa tisa alasiri ya Boston ni saa nne usiku, nyumba ina watu wanane na bando linakatika. Kuwapa hao wawili herufi ni kupima nyumba zao. Columbia, Harvard na Yale zililazimisha muhula wote uwe wa kufaulu au kutofaulu. Vyuo vingine viliacha hiari. Tofauti kati ya lazima na hiari ikazua mabishano makali, na wanafunzi walikuwa na sababu. Baadhi ya shule za udaktari zilisema zitapokea matokeo hayo pale tu chuo kilipolazimisha. Palipokuwa na hiari, aliyechagua kuficha alimfanya msomaji ajiulize anaficha nini. Na anayehitaji zaidi kuficha ni yuleyule mwenye bando linalokatika.

Sasa niseme na ninyi mnaoondoka. Msichanganye kozi ya kufaulu na kozi ya kuhudhuria tu. Mwenye kuhudhuria tu hukaa darasani, hana mtihani, hapati krediti, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi kozi hiyo kwa kawaida haihesabiwi katika mzigo kamili wa masomo, ambao kwa shahada ya kwanza huwa krediti 12 kwa muhula. Kozi ya kufaulu na kutofaulu hukupa krediti zako. Someni kanuni za chuo chenu: vyuo vingi haviruhusu kozi za fani yako kuu zichukuliwe hivyo, huweka kikomo cha idadi, na huweka tarehe ambayo baada yake huwezi kubadili. Katika vyuo vingi mwalimu hata haambiwi nani amechagua nini. Yeye huandika herufi kama kawaida, na ofisi ya msajili ndiyo inayoigeuza. Kwa hiyo msiogope kwamba atawadharau.

Mwulizeni mfadhili kabla hamjachagua, kwa maandishi. Na mnaotaka kurudi kufundisha vyuo vikuu vya umma Tanzania, jueni kwamba anayeomba kuanza kama mkufunzi msaidizi hudaiwa GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mtu huyo wa tatu anawasubiri nyumbani, na kozi za fani yenu ndizo atakazozisoma. Zichukueni kwa herufi. Lakini mwanafunzi wa uhandisi anayetamani historia ya sanaa, au wa fasihi anayeogopa takwimu lakini anajua atazihitaji, achukue kozi hiyo bila herufi na aingie kwa nguvu zote. Hakuna sababu ya kurudi nyumbani ukiwa umesoma yale tu uliyojua tangu mwanzo kwamba utayaweza.

Kisha muombe mwalimu barua. Sisi watu wa mwambao tunapaswa kuielewa barua hiyo kuliko Wamarekani wenyewe. Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi aliyesoma kitabu kwa sheikh wake hadi akakimaliza alipewa ijaza: ushahidi wa mwalimu kwamba fulani amesoma kwake kitabu kadha, ambacho yeye naye alikisoma kwa fulani, na sasa anaruhusiwa kukifundisha. Haukuwa na asilimia. Uzito wake ulitokana na jina la aliyeandika na kazi aliyoitaja, na mtu wa tatu, hata akiwa ng'ambo ya bahari, aliusoma na kuuamini.

Kwa vyuo vyetu napendekeza jambo dogo. Sisemi tufute GPA. Tumeshashuhudia shule za sekondari Tanzania zikitoka divisheni kwenda GPA na kurudi divisheni, na katika safari yote hiyo hakuna maoni ya mwalimu yaliyoongezeka hata mstari mmoja. Nasema kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apewe kozi moja kwa mwaka nje ya fani yake, ya kufaulu au kutofaulu, katika darasa lisilozidi watu 30, na kila mmoja aandikiwe na mwalimu nusu ukurasa utakaoambatanishwa na hati yake. Hiyo ni kurasa 15 kwa mwalimu kwa muhula. Katika darasa la watu 400 zingekuwa kurasa 200, na hakuna atakayeziandika kwa haki, ndiyo maana sipendekezi tuanzie huko. Seneti zikilikubali hilo, swali la kwanza litakalofika mezani si la wanafunzi wavivu. Litakuwa ni saa ngapi mwalimu apunguziwe vipindi ili apate muda wa kusoma kazi za hao 30, na nani atazilipa saa hizo.